Mchoro Uliofuliwa

Viatu ndivyo vilivyotangulia. Mume aliingia navyo Ijumaa jioni ndani ya boksi, vyeupe, vyenye soli nene kama mikate, akavivaa palepale sebuleni na kuanza kuruka-ruka mpaka vikombe vikalia kabatini. Kesho yake ukaja mpira. Keshokutwa ikaja filimbi. Mkewe, aliyekuwa jikoni na ungo wa mchele mapajani, alijua kuna jambo linafuata nyuma ya vitu hivyo, kwa maana mumewe alikuwa mtu wa kununua kofia kwanza ndipo atafute safari.

Jambo lenyewe lilitangazwa mezani. Nyuma ya nyumba utajengwa uwanja wa mpira wa kikapu. Si uwanja mzima, nusu tu, lakini wa zege, wenye mistari, nguzo na ubao wake. Mume alikuwa karani katika ofisi ya bima, na kila Jumamosi wafanyakazi walikwenda kucheza kwa bosi wao. Huko timu zilipangwa kwa kuchagua mchezaji mmojammoja, na kila Jumamosi mtu wa mwisho kuchaguliwa alikuwa yeye. Wenzake walimbandika jina la Mita Mbili. Kimo chake kiliishia kwenye mabega yao, lakini yeye jina hilo alilipokea kama sifa, akaja nalo mpaka nyumbani. Alichokuwa amekipigia hesabu ni kimoja: mwenye uwanja hawezi kuchaguliwa wa mwisho kwenye uwanja wake mwenyewe.

Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti ya pili katika nyumba ile, na siku nyingine ya kwanza, aliuliza kamba yake ya nguo itakwenda wapi. Mita Mbili akajibu kwamba itahamia mbele, karibu na geti. Mama akataka kujua kama nguo zake za ndani zitakuwa zinawasalimia wapita njia. Mwanawe akasema wapita njia wana shughuli zao. Mama akaomba chumvi.

Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha. Mkewe Mita Mbili, ambaye ndiye aliyekipika, alimsogezea kikopo. Miaka miwili ya kuishi na mama mkwe ilikuwa imemfundisha kwamba Mama akiomba chumvi isiyohitajika, mtu ajiandae.

Mama alimwita Kimya. Alimpa jina hilo wiki ya kwanza ya ndoa na likaganda. Kweli hakuwa msemaji. Akitaka kitu, alikizungukia mbali sana hata mwenye kuombwa asijue kama ameombwa. Na wakati ule alikuwa na kitu anachokitaka kuliko vyote, kimemkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Kabla ya kuolewa, Kimya alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya mtaani kwao. Hapo nyumbani hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza naye hakujitangaza. Timu ilikuwa bado hai. Kapteni wake alikuwa msusi, na mwezi uliopita, akiwa amemshika Kimya kichwa kwa kitana, alimweleza kwamba ule uwanja wao wa zamani umezungushiwa mabati, wanajenga maghala. Sasa wanafanyia mazoezi barabarani, gari likija wanapisha. Mashindano yamebaki miezi mitatu, na mfungaji waliye naye anaogopa mpira. "Rudi bwana," msusi alisema. "Siku mbili tu kwa wiki. Mwambie mumeo, atakula nini?" Kimya akasema atamwambia. Alikuwa amekwisha kumwambia mara nne, zote kichwani.

Hivyo mezani pale, mume alipotaja zege na mistari, Kimya aliinamia sahani yake.

Fundi aliyepatikana aliitwa Fundi Kesho, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Alikuwa mwashi, mchomeleaji vyuma na mpaka rangi kwa pamoja, kwa hiyo kila siku alikuwa na pahali patatu pa kutokwenda. Lakini akishafika, kazi yake haikuwa na kasoro. Alichimba, akashindilia kokoto, akatandaza nondo, na siku ya kumwaga zege alivuta uso wake kwa ubao mrefu mpaka ukalala kama shuka iliyopigwa pasi. Mwisho wa uwanja alichimbia kipande cha bomba, nguzo ije isimikwe humo baadaye. Kisha akaagiza zege linyweshwe maji siku saba, asubuhi na jioni, lisije likapasuka.

Kazi ya kulinywesha alipewa Kimya. Siku tatu za kwanza alimwaga maji kutoka pembeni. Siku ya nne zege lilikuwa limekaza, akapanda juu peku na ndoo yake. Lilikuwa la baridi na gumu, halina kokoto hata moja ya kumchoma. Akatazama huku na huku. Akaweka ndoo chini, akapiga hatua moja, akaruka, akatua kwa mguu mmoja na kusimama kama aliyepigwa msumari. Kisha akaokota ndoo haraka, akaendelea kumwagilia kama mtu mwenye adabu zake.

Mama alikuwa dirishani, lakini hilo Kimya hakulijua. Wala hakujua kwamba Mama alikuwa na kitu kingine alichokiona siku nyingi. Kila alipokusanya nguo za kufua, Kimya alizifunga soksi za mumewe mafungu ya duara, akasimama mlangoni mwa jikoni na kuyarusha kwenye beseni lililokuwa kule uani, moja baada ya jingine. Katika miaka miwili Mama hakuwahi kuona soksi ikianguka nje.

Wiki iliyofuata ofisi ikampeleka Mita Mbili kwenye semina ya siku tano mji mwingine. Iliwadia wakati mbaya, maana ndizo siku ambazo mistari ilitakiwa kuchorwa na nguzo kusimikwa. Alichora mchoro wa uwanja kwa kalamu ya bluu nyuma ya karatasi ya kalenda, na vipimo vyote, akaukunja vizuri. Alfajiri aliondoka mbio. Saa tatu alipiga simu kutoka njiani: mchoro ameusahau kwenye mfuko wa suruali ya kahawia, Fundi akija apewe. Akaongeza kwamba simu zitazimwa darasani mpaka jioni.

Kimya akaenda chumbani kuitafuta suruali ya kahawia. Haikuwepo. Akaikuta uani, ndani ya beseni, imezama kwenye povu.

"Nimekusaidia kuloweka," Mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Naona siku hizi unachoka."

Kimya alitia mkono mfukoni mwa suruali, akatoa donge. Lilikuwa karatasi, au lilikuwa limewahi kuwa karatasi, sasa limekuwa uji wa rangi ya bluu hafifu unaomchuruzika kati ya vidole. Alisimama nalo kiganjani kama mtu aliyeokota kifaranga kilichokufa. Hakulia, lakini pua ilimwasha.

Wakati huohuo geti likagongwa. Alikuwa Fundi Kesho, amekuja siku ileile aliyoahidi, jambo ambalo watu wa mtaa ule hawakuwahi kulishuhudia. Alikuwa na rangi, brashi, uzi, mashine ya kuchomelea begani, na nguzo juu ya mkokoteni.

"Shemeji, lete mchoro tufanye kazi," alisema.

Kimya akampigia mumewe. Simu imezimwa. Akapiga tena. Akamuuliza Fundi, kwa sauti ya kujikwaa, kama anaweza kurudi jioni. Fundi akafikiri, akasema leo jioni hapana, ila kesho anakuja. Wote watatu walijua maana yake. Neno hilo likitoka mdomoni mwake, mwezi mzima unapita.

Mama akageuza kiti chake kuelekea kwao. "Kwani wewe, mwanangu, hujui uwanja wa mpira ulivyo?"

Kimya akasema anaujua mmoja tu.

"Basi chora huohuo. Mpira si ni mpira tu?"

Hapo Kimya angeweza kukataa, na baadaye, alipojihoji mwenyewe, alikiri kwamba aliona kabisa pale pa kukataa, akapita pembeni. Aliokota kipande cha mkaa jikoni, akavua ndala, akapanda kwenye zege. Miguu ikakumbuka. Alihesabu hatua sita kutoka kwenye bomba la nguzo, akamwambia Fundi achomeke kipande cha nondo humo, afunge uzi, auzungushe. Nusu duara ikatoka kubwa na safi, ikakaribia kugusa kingo zote mbili za uwanja. Akachora mstari wa theluthi, unaokata uwanja toka upande hadi upande, akachora kiduara cha katikati. Fundi alimfuata nyuma na brashi, akisema hajawahi kuona mwenye nyumba anayejua anachokitaka namna hii.

Ilipofika zamu ya pete, Fundi aliuliza upana. Kimya akanyoosha mkono wake, akamwonyesha kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye vifundo vya vidole. Timu yao ilipima hivyo siku zote. Fundi akapima kwa utepe, akapinda chuma, akachomelea. Mwisho akautazama ubao mkubwa wa mbao laini, uliopakwa rangi nyeupe, ambao Mita Mbili aliununua na kuusimamisha ukutani. Akauliza huu unakaa wapi.

Kimya akasema ukweli, kwamba uwanja anaoujua yeye hauna ubao.

"Basi una kazi nyingine," Mama akasema, na kabla ya saa sita ubao ulikuwa chumbani kwake, umelazwa juu ya stuli mbili na kutandikwa shuka, umekuwa meza ya kupigia pasi. Akamwagiza Fundi achomelee na ndoano kwenye nguzo. Fundi hakuuliza ndoano ya nini. Jioni kamba ya nguo ilikuwa imetoka kwenye ndoano mpaka ukuta wa nyuma, na suruali ya kahawia inaning'inia katikati.

Mita Mbili alipopiga simu aliuliza kama Fundi alifika. Kimya akasema alifika. Kama alimaliza? Alimaliza. Kama mistari imetoka sawasawa? Kimya alikuwa amefungua mdomo kusema yote, mchoro, donge, mkaa, ndipo Mama akaita kutoka sebuleni, "Mwambie imenyooka."

"Imenyooka," Kimya akasema.

Mita Mbili alirudi Jumamosi mchana, na hakurudi peke yake. Alikuwa amewapitia wenzake wawili ofisini, mhasibu mnene mwenye miwani na dereva wa ofisi, mrefu kama mlingoti, ili wawe wa kwanza kuuona uwanja. Aliwazungusha kwa nje moja kwa moja, amewatangulia na viatu vyake vyeupe, mkono mmoja umeinuliwa kama anayefungua pazia.

Mhasibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mita Mbili," dereva alisema taratibu, "mbona huu ni uwanja wa dada yangu?"

Wakacheka mpaka mhasibu akashikilia nguzo. Mita Mbili hakucheka. Aliizunguka nusu duara, akaitazama pete nyembamba iliyosimama peke yake angani haina kitu mgongoni, akaitazama ndoano. Masikio yalimgeuka rangi. Akauliza nani kachora vile. Fundi Kesho, aliyekuwa amekuja kufuata brashi zake na sasa anajuta, alimwonyesha kwa kidevu.

Kimya alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni. Macho yote yakamwendea. Akaeleza kwa sauti ndogo, huku akiutazama mstari wa theluthi, kwamba mchoro ulifuliwa, kwamba simu ilizimwa, na kwamba alichora anaoujua.

Mita Mbili akamgeukia Fundi, akataka mistari ikwanguliwe kabla jua halijazama. Fundi akasema rangi ile ni ya mafuta, imekwisha kunywewa na zege, kuitoa ni kuvunja. Lakini kama ni lazima, atakuja. Lini? Fundi akakuna kichwa.

"Kesho," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani Kimya akalipenda neno hilo.

Dereva ndiye aliyeleta fitina. Alidunda mpira mara mbili, akasema kwa kuwa uwanja ni wa shemeji, basi mwenye uwanja asishindane na fundi, ashindane na shemeji. Mipira kumi kila mmoja. Mita Mbili akishinda, dereva mwenyewe atakuja na nyundo kuvunja. Shemeji akishinda, mistari ibaki, na aseme anachokitaka apewe. Mhasibu akaunga mkono, akasema atahesabu yeye, kazi yake ni hiyo.

Mita Mbili alimtazama mkewe, akaona ndala na mikono yenye unga. Akakubali bila kufikiri.

Alianza yeye. Shida ikaonekana mara moja: alikuwa amezoea kulenga ubao, na ubao ulikuwa chumbani kwa mama yake. Mpira wa kwanza ulipita juu ya pete, juu ya ukuta, ukaangukia kwa jirani wa nyuma, mwalimu mstaafu aliyekuwa akipalilia mboga zake. Mwalimu aliurudisha na kusema wa kwanza amesamehe. Wa pili uliingia, hakuna aliyejua vipi, hata Mita Mbili. Wa tatu na wa nne ilienda kwa mwalimu. Safari hii kichwa cha mwalimu kikatokea juu ya ukuta, na Mita Mbili akatakiwa aombe msamaha kwa sentensi kamili, kwa sauti, na asiangalie chini.

"Unalenga ubao wa ahera," dereva alimwambia.

Alimaliza na mabao matatu. Akafuta jasho, akampa mkewe mpira kama anayempa kikapu cha sokoni.

Kimya aliingia kwenye nusu duara. Ndala alikwisha kuziacha kizingitini. Mpira ulikuwa mzito kuliko aliouzoea, na mkubwa zaidi. Akauinua, akaona macho ya wanaume wanne, akaona na kichwa cha mwalimu ambacho hakikuwa kimeondoka ukutani. Mpira wa kwanza haukufika hata kwenye pete. Wa pili ukagonga chuma, ukarudi. Mita Mbili akaachia pumzi, akaanza kutabasamu kidogo. Kimya aliona tabasamu hilo, akaona pia mabati yaliyozungushiwa uwanja wao wa zamani, wenzake wakipisha gari, na mwaka mwingine wa kumwambia mumewe mambo kichwani tu.

Kiti cha Mama kikalia nyuma yake. Mama hakupaza sauti.

"Soksi, mwanangu," alisema.

Kimya akageuka kumtazama. Mama alikuwa anatoa uzi kwenye pindo la gauni lake, kama mtu ambaye hakusema kitu.

Kwa hiyo ameniona, Kimya akawaza. Siku zote hizo. Badala ya aibu, akasikia kicheko kinampanda tumboni. Akaisahau pete, akaliona beseni la uani na povu lake, akarusha. Mpira ulishuka katikati bila kugusa chuma. Dereva akaurudisha. Akarusha. Ukashuka. Mhasibu alikuwa akihesabu kwa sauti kubwa, na kadiri alivyohesabu sauti ilipungua, mpaka bao la nne, lililompita Mita Mbili, akalinong'ona. Kimya hakusimama. Alifunga yote manane yaliyobaki, na la mwisho alilifunga huku ameanza kuondoka.

Mwalimu ndiye aliyepiga makofi, kutoka juu ya ukuta.

"Haya, shemeji," dereva akasema. "Sema unachotaka."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko mipira kumi. Kimya aliukumbatia mpira kifuani. Alitamani sana kuzunguka mbali, aanze na habari za hali ya hewa. Akajikaza.

"Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni," alisema. "Tupo saba. Uwanja wetu wamejenga maghala. Tuna mashindano, na mimi ndiye mfungaji."

Mita Mbili akauliza saba akina nani. Akauliza mfungaji tangu lini. Uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa na mshangao wa mtu aliyegundua chumba kingine ndani ya nyumba yake. "Miaka miwili tunaishi pamoja," alisema, "na hujawahi kunieleza."

"Miaka miwili ulikuwa unaongea wewe," Mama akasema.

Jumanne saa kumi walikuja, msusi mbele na kitana bado kimechomekwa nyweleni. Mita Mbili aliwahi kutoka kazini siku hiyo, kwa bahati tu, alivyodai. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na filimbi yake shingoni, na walipocheza robo saa hakuweza kuvumilia, akapuliza. Msusi akamwendea, akamweleza kwamba hapo hapakuwa na kosa. Akapuliza tena. Hapo palikuwa na kosa, lakini la upande wa pili. Kufikia Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa anapatia karibu nusu. Jumamosi uwanja ulibaki wake na wenzake. Mabao yalikuwa haba, lakini hakuna aliyethubutu kumchagua wa mwisho.

Ubao aliudai mara moja. Mama akamwambia meza yake ya pasi haitoki, akaomba chumvi, yakaisha.

Siku moja mchana Kimya aliingia chumbani kwa Mama kupiga pasi fulana ya mumewe. Shuka iliyotandikwa juu ya ubao ilikuwa imekunjamana, akaivua aitandike upya. Chini yake, kimelala bapa, kulikuwa na kipande cha karatasi ya kalenda. Alikigeuza. Mistari ya kalamu ya bluu, vipimo vyote, mwandiko wa Mita Mbili. Hakikuwa na doa hata moja la maji.

Akalikumbuka lile donge, ule uji wa bluu mkononi mwake, na kiti kule uani, na sauti iliyosema nimekusaidia kuloweka.

Kutoka nje Mama akauliza kama pasi imepata moto.

"Imepata, mama," Kimya akajibu. Akakirudisha kipande cha karatasi mahali pake, akakinyoosha pembe moja iliyojikunja, akatandika shuka juu yake, na kuanza na kola.